Barabara ya Mambasa ilipokatwa: familia za Beni na Butembo katika vita vya 2002

Mwishoni mwa 2002, mashariki mwa Kongo, barabara itokayo Mambasa kupitia Teturi, Biakato na Mangina hadi Beni ilijaa watu waliotembea kwa miguu, mizigo kichwani, watoto mgongoni. Wengine walishika njia ya Komanda wakatokea Eringeti na Oicha. Walikuwa wakiwakimbia wapiganaji wa makundi ya waasi, MLC ya Jean-Pierre Bemba na RCD-National ya Roger Lumbala, katika operesheni iliyoitwa “Effacer le tableau”, yaani kufuta ubao. Shabaha ya wapiganaji hao ilikuwa kundi la RCD-ML la Mbusa Nyamwisi lenye makao Beni, pamoja na miji yenye utajiri wa biashara, Beni na Butembo.

Vita hivyo viliziumiza hasa familia kwa sababu barabara ile ilikuwa ya kifamilia kabla ya kuwa ya kijeshi. Kwa miaka mingi Wanande wa milima ya Lubero, ambako ardhi ya kulima ilikuwa imebanana, walishuka msituni kutafuta mashamba, mbao na dhahabu. Ukoo mmoja ukawa na wazee Butembo, kaka akilima Biakato, shangazi akiwa ameolewa Mambasa. Njia ilipofungwa, ukoo ulikatwa vipande.

Wanande waliandamwa kwa kudhaniwa kuwa watu wa Mbusa. Wambuti, wenyeji wa msitu, nao hawakusalimika. Watu waliuawa, wanawake wakabakwa, nyumba zikaporwa. Shambulio lilimkuta baba shambani, mama sokoni na watoto nyumbani, na kila mmoja akakimbilia upande uliokuwa wazi kwake. Zaidi ya watu 100,000 walihama makwao. Wengi walipokewa katika nyumba za ndugu na za watu wasiowajua, ambao walipunguza sahani zao ili wageni wapate kula.

Simu za mkononi zilikuwa chache, na msituni hazikufika. Aliyemtafuta mwanawe alitegemea wasafiri, parokia, na barua za Msalaba Mwekundu: karatasi isiyofungwa, yenye habari za familia tu. Maneno machache, “tuko wazima, mdogo wako yuko nasi”, yalitosha kumrudishia mzazi usingizi.

Tarehe 30 Desemba 2002, makundi hayo matatu yalitia saini usitishaji mapigano Gbadolite. Mwaka 2003 Bemba akawa makamu wa rais katika serikali ya mpito, Mbusa na Lumbala wakawa mawaziri. Kazi ya kuunganisha familia kwa kiasi kikubwa iliachiwa familia zenyewe. Haki ilichelewa mno: Lumbala alikamatwa Ufaransa, na kesi yake ikafunguliwa Paris Novemba 2025, miaka 23 baadaye.

Mtoto aliyepotezana na wazazi akiwa na miaka 5 sasa ana umri wa kuwa mzazi. Na tangu Oktoba 2014, mashambulizi ya kundi lenye silaha la ADF yamewafukuza tena watu wa Beni, Oicha na Mambasa katika njia zilezile. Historia ya vita vyetu imeandikwa kwa majina ya makamanda na tarehe za mikataba. Shule, parokia na vyuo vya Butembo na Beni vina wajibu wa kuandika ya upande wa pili: nani alimtafuta nani, nani alimpokea nani, na nani hajaonekana hadi leo. Mashahidi wapo, lakini wanazeeka. Tuwasikilize sasa.