Kura 11,608 kwa 11,608: eneo bunge la 94 na kalamu iliyochora Virginia

Tarehe 4 Januari 2018, mjini Richmond, mwenyekiti wa Bodi ya Uchaguzi ya jimbo la Virginia, James Alcorn, alitia mkono ndani ya bakuli la kauri lenye vikopo viwili vya filamu ya kamera, akatoa kimoja na kusoma jina lililokuwamo: David Yancey. Hivyo ndivyo eneo bunge la 94 lilivyopata mjumbe wake, na hivyo ndivyo chama cha Republican kilivyobaki na viti 51 dhidi ya 49 vya Democratic katika Baraza la Wajumbe, lililo baraza la chini la Bunge la jimbo hilo la Marekani. Kingetoka kikopo cha mpinzani wake wa Democratic, Shelly Simonds, viti vingekuwa 50 kwa 50 na hakuna chama ambacho kingekuwa na wingi. Tangu siku hiyo kisa hiki husimuliwa ili kuwahimiza wananchi wajitokeze kupiga kura, kwa hoja kwamba hata kura moja ingetosha kubadili mambo. Ni kweli, ingetosha. Lakini anayefuatilia historia ya eneo hilo, kabla na baada ya bakuli lile, ataona kwamba mkono wa Alcorn uliamua machache. Mengi yalikuwa yameamuliwa mwaka 2011, na kalamu iliyochora mipaka.

Eneo bunge lenyewe lilikuwa katika mji wa Newport News, kusini-mashariki mwa Virginia, ambako manowari kubwa za kubebea ndege za Jeshi la Majini la Marekani huundwa. Yancey alilishika tangu uchaguzi wa 2011, na mwaka 2015 alimshinda Simonds, aliyekuwa mjumbe wa bodi ya shule za mji huo, bila shida. Waliporudiana tarehe 7 Novemba 2017, hesabu ya kwanza ilimpa Yancey ushindi wa kura 10. Kura zikahesabiwa upya, na tarehe 19 Desemba ikaonekana Simonds ameshinda kwa kura moja: 11,608 kwa 11,607. Kesho yake jopo la majaji watatu likapokea karatasi iliyokuwa imewekwa kando. Mpiga kura huyo alikuwa amejaza viduara vya wagombea wote wawili, kisha akapitisha mstari juu ya kile cha Simonds. Kwa kuwa kwingineko katika karatasi hiyohiyo alikuwa amewachagua Warepublican, majaji walisema alimkusudia Yancey. Kura zikafungana, na sheria ya Virginia inasema zikifungana mshindi apatikane kwa bahati nasibu.

Wapo walioiita bahati nasibu hiyo aibu kwa demokrasia, wakataka uchaguzi urudiwe. Sikubaliani nao. Uchaguzi wa marudio ungekuwa na wapiga kura wengine, siku nyingine, wakijibu swali jingine, na chama chenye fedha nyingi zaidi ndicho kingenufaika. Bakuli lilikuwa mbele ya kamera, kila upande ukiangalia, na nafasi ya kila mgombea ilikuwa sawa kabisa na ya mwenzake. Katika historia yote ya eneo hilo, hapo ndipo pekee ambapo hakuna aliyepanga matokeo mapema.

Mpango wa mipaka wa 2011 haukuwa hivyo. Waliouandaa walijiwekea kanuni kwamba katika maeneo bunge 12 watu weusi wasipungue asilimia 55 ya wakazi wenye umri wa kupiga kura. Mojawapo lilikuwa eneo la 95, jirani wa la 94, lililoanzia Hampton na kupenya hadi ndani ya Newport News. Wapiga kura weusi wa Virginia kwa kawaida huiunga mkono Democratic. Kwa hiyo ukiwakusanya wengi katika eneo moja ambalo chama hicho kingeshinda hata bila wao wote, maeneo ya pembeni yanabaki mepesi kwa Republican. Jambo hili linauma zaidi kwa sababu ya mahali penyewe. Ni hapo Hampton, kwenye rasi ya Point Comfort, ambako Waafrika waliotekwa Angola waliteremshwa mwaka 1619. Ni Virginia hiyohiyo ambayo katiba yake ya 1902 iliwatoza watu kodi ili wapige kura, ikawaondoa weusi wengi kwenye daftari, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoifuta kodi hiyo mwaka 1966 katika kesi iliyotoka Virginia yenyewe. Kwa watu wenye historia hiyo, kuruhusiwa kupiga kura kisha kura yako irundikwe mahali isipohitajika ni haki iliyotolewa nusu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mpango huo haukuwa wa chama kimoja. Ulipita kwa kura 80 dhidi ya 9, na wajumbe wengi weusi waliuunga mkono. Wengine walitetea asilimia 55 wakisema bila kiwango kama hicho jamii yao ingekosa wawakilishi. Hofu hiyo siidharau, kwa maana ilizaliwa na uzoefu. Ila wingi wa kura ndani ya Bunge unathibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba mipaka iliwafaa waliokuwa tayari wamo. Mjumbe wa Democratic alipata kiti salama, na wa Republican akapata jirani asiye na wapinzani wengi. Hakuna aliyemuuliza mpiga kura. Matokeo yakaonekana 2017: kwa jumla wagombea wa Democratic walipata zaidi ya nusu ya kura za Baraza la Wajumbe, na mgombea wao wa ugavana, Ralph Northam, akashinda kwa tofauti ya karibu asilimia 9, lakini wingi wa viti ukabaki ukisubiri bakuli. Ni kweli kwamba baadhi ya viti havikuwa na wagombea wa vyama vyote viwili, kwa hiyo jumla hiyo isichukuliwe kama kipimo kamili. Hata hivyo, viti visivyo na mpinzani navyo ni zao la mipaka, kwani nani atatumia fedha zake kugombea mahali alipokwisha kushindwa kwenye ramani?

Juni 2018 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba maeneo bunge 11, likiwamo la 95, yalichorwa kwa kigezo cha rangi kinyume cha Katiba. Baraza la Wajumbe lilikata rufaa, na Juni 2019 Mahakama Kuu ikasema kwa majaji 5 dhidi ya 4 kwamba baraza hilo halina haki ya kuendeleza kesi. Mipaka mipya, iliyoandaliwa na mtaalamu Bernard Grofman kwa agizo la mahakama, iligusa pia eneo la 94. Novemba 2019 Yancey na Simonds wakakutana mara ya tatu, na safari hii Simonds akapata takriban asilimia 58. Democratic wakachukua viti 55. Utaambiwa kwamba upepo wa kisiasa dhidi ya Rais Trump ndio uliomwinua, nami nakubali ulikuwapo. Lakini upepo huo ulikuwa ukivuma 2017 pia, na chini ya mipaka ya zamani uliishia kwenye sare. Wala mipaka mipya haikuwa zawadi ya kudumu kwa chama kimoja: mwaka 2021, kwa mipaka hiyohiyo, Republican walirudi na viti 52. Ramani inayoruhusu wingi ubadilike wananchi wanapobadili mawazo ndiyo ramani inayostahili kuitwa ya haki.

Na kiti chenye ushindani humfanya mwakilishi asikilize. Mwaka 2018, chini ya wingi ule wa viti 51 kwa 49, Warepublican 19 waliungana na Democratic kupanua bima ya afya kwa watu wa kipato cha chini, jambo ambalo chama chao kilikuwa kimelikataa kwa miaka. Februari 2019, hoja ya kupeleka mbele ya baraza zima marekebisho ya Katiba ya Marekani kuhusu usawa wa wanawake ilianguka kwa kura 50 kwa 50, na Mrepublican pekee aliyeiunga mkono alikuwa Yancey, mjumbe wa kikopo. Sidhani kwamba mtu aliyekalia kiti salama angethubutu.

Novemba 2020 wapiga kura wa Virginia waliidhinisha tume ya mipaka yenye wabunge 8 na raia 8. Tume ilikwama kwa mabishano ya vyama, na Mahakama Kuu ya jimbo ndiyo iliyopitisha ramani mwishoni mwa 2021. Namba 94 ikahamia Norfolk, na Simonds sasa anawakilisha eneo la 70. Mwishoni mwa Oktoba 2025, Bunge lililoongozwa na Democratic lilipitisha kwa mara ya kwanza marekebisho ya kulirudishia uwezo wa kuchora mipaka ya viti vya Bunge la taifa katikati ya muongo, likijibu hatua ya Texas iliyoongozwa na Republican. Sababu yao inaeleweka, lakini kalamu hiyo haifai kuwa mkononi mwa mwenye kiti, awe wa chama chochote. Waliopigania ramani ya haki mwaka 2018 wanapaswa kulisema hilo leo kwa sauti ileile.