Gobore

Gobore (wingi: magobore) ni bunduki inayoshindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Baruti humiminwa kwanza, kisha hufuata risasi na kizibo cha nguo au nyuzi, vyote vikisukumwa kwa mdeki, yaani fimbo ndefu nyembamba. Baruti huwashwa kwa cheche ya gumegume au kwa fataki.

Kushindua

Kwa kuwa baruti na risasi havimo ndani ya ganda moja, haviwezi kutolewa kwa urahisi kama risasi ya kisasa. Wengi hufyatua tu. Njia nyingine ni kuvuta kizibo kwa chuma kilichosokotwa, kinachofungwa kwenye ncha ya mdeki. Fataki huondolewa kwanza, maana cheche moja yatosha kulipua baruti na kumuua anayeishughulikia.

Historia

Katika karne ya 19 misafara ilipeleka bunduki na baruti kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Mtemi Mirambo wa Urambo (alifariki 1884) aliwapa silaha hizo ruga-ruga wake, na kuanzia 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za kisasa, lakini uliruhusu za gumegume kwa masharti.

Nchini Tanzania kumiliki gobore bila leseni ni kosa la jinai.