Maakuli ya Njiani: Kutoka Ngurunga za Taru hadi Chungu cha Wusi

Siku za mapumziko nina ada moja ambayo jamaa zangu huihesabu kuwa ni upuuzi, nayo ni kushuka Voi pasipo shughuli yoyote, nikaingia katika matatu iendayo Wundanyi, nikapanda mpaka Wusi, katika milima ya Taita, kwa sababu ya chakula tu. Njia ile huanzia katika joto la tambarare, penye vumbi jekundu liingialo hata ndani ya ukosi wa shati, hupita Mwatate katikati ya mkonge uliopandwa kwa kamba, safu baada ya safu, hata macho yakachoka kuhesabu, kisha hushika mlima na kujipinda, na kila kona hewa hupoa kidogo, mpaka mzee aliyekaa kando yangu akafungua mfuko na kutoa koti. Ni katika kuipanda njia hiyo mara nyingi ndipo nilipotambua ya kuwa habari za nchi hii aghalabu zimesimuliwa na watu waliopita chini, nao walipita wana njaa.

Kabla ya reli, msafara uliotoka Mombasa na Rabai kuelekea Taveta na Kilimanjaro ulilazimika kwanza kuivuka nyika ya Taru, ambayo maji yake yalikuwa katika ngurunga, yaani mashimo ya mwambani yakingayo mvua, na mvua ikikosekana ngurunga haina faida ila kwa nyuki. Mpagazi alibeba mzigo wake kichwani au begani tangu alfajiri, na haki yake ya siku ilikuwa posho ya kibaba kimoja cha nafaka, asije akaiomba ya kesho. Hao ndio waliofika Maungu midomo imepasuka, wakaiona Ndara, yaani mlima wa Sagalla, wakajua kwamba juu yake kuna vijito na mashamba. Wenyeji wake, Wataita, walishuka na mahindi, maharagwe, miwa na kuku. Wageni walitoa amerikani, ushanga na waya wa shaba. Na baada ya mapatano marefu, ambayo bila shaka kila upande uliyaona kuwa ni dhuluma, msafara ulikula ukaendelea. Johannes Rebmann aliipita nchi ya Taita mwaka 1848 alipokuwa akienda kuiona theluji ya Kilimanjaro, na Joseph Thomson akaipita mwaka 1883 akienda Umasaini, na majina yao yamo vitabuni. Mwanamke aliyewauzia maharagwe hayumo.

Wala mlima haukuwa na neema siku zote. Katika miaka hiyo hiyo ya 1880, muda mfupi tu baada ya mmisionari Joseph Wray kupiga maskani Sagalla, mvua zilikatika na ikaingia njaa ambayo watu waliipa jina, Mwakisenge, kama ilivyo desturi ya Afrika ya Mashariki kuzipa njaa majina, maana njaa isiyo na jina huwa rahisi kusahaulika. Watu walitawanyika, wengine wakaenda kwa majirani kutafuta nafaka, na wako walioweka rehani jamaa zao ili wapate kula. Kwa hiyo msomaji akikuta mahali imeandikwa kwamba Wataita waliwatoza wasafiri bei ya juu, au waliwanyima kabisa, asifanye haraka kuwaita wachoyo. Mtu aliyekwisha kuuona uvungu wa ghala yake haigawi akiba kwa maneno matamu.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na kabla ya mwaka 1898 kumalizika ilikwisha kuipita Voi. Simba wa Tsavo wa mwaka huo wamewashughulisha waandishi mno, nami sitawaongezea umaarufu. Kwangu jambo la ajabu zaidi ni lile banglo la daki la Voi, yaani nyumba ya kupumzikia wasafiri. Garimoshi za miaka ya mwanzo hazikuwa na behewa la kulia chakula, basi zilisimama katika vituo vichache, Voi kikiwa kimojawapo, na abiria wa madaraja ya juu wakashuka kwenda mezani, wakala kwa pupa huku sikio moja likisubiri mluzi. Waliosafiri wakaandika, waliandika kwa uchungu: nyama ngumu ya banglo ilipata sifa karibu sawa na simba. Abiria wa daraja la tatu yeye alifungua kitita chake, akala alichofungiwa na mkewe, na kwa hakika huenda ndiye aliyeshiba. Nikiitazama Dawida, milima mikuu ya Taita, kutoka Voi, imekaa upande wa magharibi na mawingu yake, hushindwa kuelewa jinsi watu walivyoweza kulalamikia nyama ile kizazi kizima, ilhali ndizi, maboga na mboga mbichi zilikuwa mwendo wa siku moja kwa miguu.

Vita vya 1914 vilipokuja, Wajerumani waliitwaa Taveta, na Waingereza wakatandaza reli ya kijeshi kutoka Voi kupita Mwatate na Maktau, askari wakapelekwa kushindwa Salaita mwezi wa Februari 1916 kabla ya kushinda kwingine. Mara hii tena njia ilipita chini ya mlima.

Sasa niseme habari za Wusi. Safari moja nilifika nimefura, kwa kuwa utingo alinitoza nauli ya watu wawili kwa kisingizio cha kikapu changu, nami nikaanza kumsimulia mama mmoja mzee, mwenyeji wangu, kabla hata sijakaa. Alinisikiliza, akanipa kikombe cha maji.

"Sukutua kwanza, mwanangu. Hasira hiyo isiingie chunguni."

"Nimetoka Mombasa kuja kula kimanga chako, mama, si kugombana."

"Mombasa yote hakuna muhogo? Basi shika mwiko, uponde mwenyewe."

Kimanga ni chakula cha Wataita kisichotaka haraka. Maharagwe hutangulia motoni mpaka yaive barabara. Muhogo, viazi vitamu au ndizi mbichi hufuata. Maji hupunguzwa, chumvi hutiwa, kisha chungu hushikwa kwa miguu miwili na mwiko mnene hushuka kwa nguvu pande zote, mpaka vyote viwe kitu kimoja kizito, chenye rangi ya udongo wa shamba, kisichonata mwikoni. Mimi niliacha mabonge. Mama aliyaona, hakusema kitu, akaniletea bakuli ambalo mabonge yote yalikuwa ndani yake, na mtindi kando.

Kile kikombe cha maji sikukielewa siku ile. Baadaye nilisoma kazi ya Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyekaa na Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake mwaka 1978, nikakutana na kutasa: mzee hutia kinywani funda la pombe ya miwa, au la maji, akalipuliza nje kama manyunyu huku akitamka maneno ya amani, ili hasira iliyofichwa moyoni itoke, kwa kuwa hasira iliyobakizwa ilidhaniwa yaweza kumdhuru jamaa hata bila ya mwenyewe kukusudia. Mama yule ni Mkristo wa ukoo wa Wakristo, maana wamisionari wa Kianglikana walifika Wusi zamani, wala sidhani angekubali kwamba alinifanyia tambiko. Lakini maji alinipa, na hasira niliitema uani.

Tangu mwaka 2017 garimoshi mpya husimama Voi dakika chache, na abiria hununua biskuti na chai ya kikombe cha karatasi. Kimanga hukioni pale kituoni. Basi ndugu msomaji, ukipata wasaa, shuka Voi asubuhi na mapema, usile kitu stesheni, panda gari la Wundanyi, na ufike Wusi kabla ya adhuhuri; chungu hupondwa mara moja kwa siku, na ifikapo saa nane kimekwisha kuoshwa.