Pembetatu, Shamba na Haki ya Mrithi

Ukisikia neno "pembetatu" pengine unakumbuka ubao, chaki na mwalimu mkali. Hebu tulia kidogo kabla ya futari nikuonyeshe jinsi somo hilo linavyogusa mirathi na shamba la kwenu hapa Kibabii.

Yapata mwaka 300 K.K., mjini Iskandaria, Misri, Euclid aliandika kitabu ambamo alizigawa pembetatu kwa njia mbili. Kwa pande: ipo yenye pande tatu sawa, yenye mbili sawa, na isiyo na pande zilizo sawa. Kwa pembe: ipo yenye pembe mraba (digrii 90), yenye pembe moja butu iliyozidi 90, na yenye pembe zote kali, yaani chini ya 90. Kitabu hicho alikuja kukitafsiri kwa Kiarabu al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar, zama za Harun al-Rashid, kisha tena zama za al-Ma'mun.

Huko Baghdad ndiko alikokuwa Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Kati ya mwaka 813 na 833 aliandika kitabu cha al-jabr, neno lililozaa "aljebra" ya shuleni. Mwenyewe alieleza kuwa watu wanahitaji hesabu hiyo katika mirathi, wasia, biashara na kupima ardhi. Sehemu kubwa ya kitabu ni masuala ya wasia na mirathi!

Kanuni yake ni nyepesi. Chukua pande mbili fupi, zidisha kila mmoja kwa wenyewe, kisha jumlisha. Ukipata sawa na upande mrefu uliozidishwa kwa wenyewe, hiyo ni pembe mraba. Ukipata zaidi, pembe zote ni kali. Ukipata pungufu, kuna pembe butu. Fundi wa mjengo anayepima 3, 4 na 5 kwa kamba anatumia jambo hilo hilo: 9 na 16 ni 25.

Sasa tuje shambani. Tuseme mzee ametangulia mbele ya haki, na warithi ni wanawe wawili tu wa kiume, kila mmoja na nusu yake. Shamba limekatwa mapande mawili ya pembetatu. La kwanza lina pande za mita 130, 140 na 150. La pili lina mita 70, 150 na 200. Mtu anazunguka na kamba, anapata mita 420 kila pande, seng'enge ni ile ile. Basi anasema, "Wamelingana, tuombe dua tumalize."

Ngoja kwanza! Kwa pande, zote mbili ni za aina moja: hakuna upande uliolingana na mwenzake. Sasa pima kwa kanuni ya al-Khwarizmi. La kwanza: 16,900 na 19,600 ni 36,500, inazidi 22,500, pembe zote ni kali. La pili: 4,900 na 22,500 ni 27,400, haifiki 40,000, lina pembe butu, limebonyea. La kwanza, juu ya upande wa 140, lina kimo cha mita 120. La pili, juu ya upande wa 200, lina kimo cha mita 42 tu. Zidisha upande kwa kimo, ugawe kwa mbili: la kwanza ni mita za mraba 8,400, ekari mbili na kidogo. La pili ni 4,200, ekari moja na kidogo.

Umeona? Ndugu mmoja amepata mara mbili ya mwenzake, na hakuna aliyekusudia kuiba. Mfano wa 13, 14 na 15 umo ndani ya kitabu chenyewe cha al-Khwarizmi, na jibu lake ni 84.

Kwa hivyo kijana, siku wazee wakikaa chini ya mti kugawa shamba, usikae nyuma ukichezea simu. Chukua kamba, kalamu na karatasi, upime kimo. Huenda ukaokoa undugu wa watu wawili.

Wabillahi tawfiq.