Mji wa Chini ya Menengai na Tarikhi ya Matembezi Yake

Mkazi wa Free Area, mtaa uliokaa mashariki ya Nakuru kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, aweza kutoka nyumbani kwake alasiri, akafika kwa miguu penye kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill, akasimama juu yake, akaliona ziwa upande wa kusini na ukingo wa Menengai upande wa kaskazini, ilhali chini ya nyayo zake wamelala wafu waliozikwa maelfu ya miaka kabla ya mji huu kuwako. Ni miji michache ya Afrika Mashariki iliyojaaliwa neema tatu za namna hiyo zikiwa karibu karibu. Hata hivyo, mgeni akiuliza mahali pa kutembelea, aghalabu hutajiwa ziwa na vifaru wake, na mazungumzo yakaishia hapo. Nimeona ni wajibu kuieleza tarikhi ya mahali hapa, kwa kuwa hakuna hata pahali pamoja palipohifadhika kwa bahati. Kila pahali palitengwa na watu fulani, katika zama fulani, kwa sababu ambazo mara nyingi hazikumkumbuka mkazi wa kawaida.

Kabla ya reli, bonde hili lilikuwa malisho ya Wamasai na njia ya misafara ya watu wa Pwani waliokwenda Baringo kutafuta pembe. Katika misafara hiyo lilisifika jina la Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara aliyezijua njia za Umasai, ambaye mwaka 1883 alifuatana na Mskochi Joseph Thomson katika Bonde la Ufa. Kisha ikaja Reli ya Uganda, iliyofika Nairobi mwaka 1899 na ukingoni mwa Ziwa Viktoria mwaka 1901, ikipita hapa baina ya ziwa na mlima. Na mwaka 1904 Nakuru ikapewa hadhi ya mji. Mwaka huo huo serikali ya Kiingereza ilifanya mkataba na Wamasai uliowaondoa katika malisho ya bonde, wengine wakipelekwa Laikipia na wengine kusini ya reli, na ardhi waliyoiacha ikagawiwa masetla. Jambo hili halifai kusahauliwa na yeyote anayezungumza habari za mabustani na mbuga za Nakuru, maana pale tunapokwenda leo kustarehe palikuwa kwanza pa watu walioondolewa, kisha pakawa mashamba yaliyozungushiwa seng'enge, na mwishowe tu ndipo pakaitwa pa umma.

Menengai yenyewe, mtu aitazamapo kutoka mjini, haina umbo la mlima wa fahari. Haoni kilele, wala theluji, wala jabali lililosimama peke yake. Huona mteremko mrefu wenye miti na majumba ya Milimani, mtaa uliokuwa wa Wazungu katika zama za ukoloni. Adhama yake hudhihirika kwa yule tu anayepanda hadi ukingoni, mahali penye kimo cha mita 2,278 juu ya bahari, ambapo ghafla ardhi hukatika, na mbele yake hufunguka shimo lenye upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, ambalo sakafu yake, iliyo chini kwa karibu mita 500, imejaa mawe meusi ya moto wa kale na vichaka vya leleshwa, na huku na huko mvuke ukifuka. Volkano ilitapika vitu vya tumbo lake hata dari ikakosa nguzo ikaporomoka. Wamasai husimulia kwamba katika vita vya karne ya 19 baina ya matawi yao ya Ilaikipiak na Ilpurko, walioshindwa walisukumwa ukingoni wakaangamia humo. Na kwa muda mrefu majirani wa makabila mengine walipaogopa, wakipahesabu kuwa maskani ya mizimu. Leo waumini huingia katika mapango yake kufunga na kusali, na tangu mwaka 2011 serikali imechimba visima vya mvuke katika sakafu yake ili kupata umeme, hata pahali palipokuwa pa hofu pamekuwa pa ibada na pa kazi kwa wakati mmoja. Ukingoni panatosha kwa matembezi ya siku nzima, na sijui pahali pengine karibu na mji ambapo mtu hupata upepo safi kama ule.

Ziwa ndilo lililoipatia Nakuru sifa duniani, na tarikhi ya hifadhi yake ina mambo ya kustaajabisha. Maji ya Ziwa Nakuru ni ya magadi, kwa kuwa mito huingia lakini hakuna hata mmoja utokao. Na katika maji hayo makali huota mwani mdogo sana, chakula cha heroe. Zama za neema, heroe walikusanyika kwa mamia ya maelfu, hata fukwe zikaonekana kana kwamba zimetandikwa kanga ya waridi, na wataalamu wa ndege kutoka Ulaya na Marekani wakashuhudia kwamba hawakupata kuona mkusanyiko wa ndege unaoushinda huo. Kwa ajili ya ndege hao, mwanzoni mwa miaka ya 1960, sehemu ya ziwa ilifanywa hifadhi, na mwaka 1968, baada ya Uhuru, pakatangazwa kuwa mbuga ya taifa. Yaani tofauti na Tsavo au Nairobi, mbuga hii haikuanzishwa kwa ajili ya simba wala tembo. Tembo hawamo hata leo.

Kabla ya hapo jambo dogo lilikuwa limekwisha kufanywa, ambalo athari yake ilipita makusudio yake. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 perege wadogo wa Magadi, waliozoea maji ya chumvi, walitiwa ziwani ili wale viluwiluwi vya mbu. Perege wakazaana, na kwa kuwa samaki sasa wamo, wakaja wari na mnandi na tai wavuvi, ndege ambao awali hawakuwa na riziki hapo. Kwa hivyo idadi kubwa ya ndege ambao mgeni huwastaajabia kama kazi ya asili tangu milele, walikaribishwa na mkono wa binadamu aliyekuwa akiwaza habari za malaria.

Miaka ya 1970 mbuga ilipanuliwa kwa kununua mashamba yaliyoizunguka, kwa msaada wa mfuko wa kimataifa wa wanyamapori, hata ikafikia kilomita za mraba 188. Mwaka 1977 waliletwa twiga wa Rothschild kutoka magharibi mwa nchi, ambako mashamba yalikuwa yakiwabana. Kisha ikaja balaa ya ujangili iliyowafyeka vifaru weusi wa Kenya karibu wote, na hapo serikali ikaamua kuizungushia mbuga ua wa umeme wa urefu upatao kilomita 74, na mwaka 1987 ikawa makimbilio ya vifaru. Kazi hiyo naisifu pasipo kusita, maana bila ua ule wajukuu wetu wangemjua kifaru kwa picha; lakini insafu yadai tuseme pia kwamba ua huo huo uliwatenga wanyama na mji moja kwa moja, na kwamba mtoto wa mitaa iliyopakana nao hukua akisikia ngurumo za simba usiku pasipo kupata kumwona simba mchana, kwa kuwa mlangoni pana ada, na ndani pahitaji gari. Taadhima za dunia zilifuata: mwaka 1990 ziwa liliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu, la kwanza nchini Kenya, na mwaka 2011 likaingia pamoja na Bogoria na Elementaita katika urithi wa dunia wa UNESCO.

Baada ya hapo ziwa likabadilika mbele ya macho yetu. Lilikuwa limekwisha kukauka karibu lote katikati ya miaka ya 1990. Tangu mwaka 2010 hivi likaanza kufura, likameza mlango mkuu wa mbuga na ofisi zake, likaiua misitu ya migunga ya ukingoni iliyobaki imesimama mikavu majini, na katika mafuriko ya mwaka 2020 na baadaye likaingia katika nyumba za watu wa Mwariki na Barut. Maji yalipozidi, magadi yakazimuka, mwani ukapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Wataalamu hutaja mvua kubwa za miaka hii, na wengine mienendo ya ardhi ya bonde. Lakini ambalo kila mkulima wa Njoro alijua kabla ya kuambiwa ni kwamba misitu ya Mau, ambamo mito ya ziwa huzaliwa, imekatwa mno, na tope la mashamba lateremka na maji.

Mahali pengine pawili pa matembezi napataja kwa ufupi. Nyayo Gardens, katikati ya mji, ni bustani ndogo, lakini kivuli chake adhuhuri kina thamani kubwa kwa mchuuzi na kwa mwenye kungoja shauri lake ofisini. Kasri la Lord Egerton, huko Ngata, lilijengwa baina ya 1938 na 1954 kwa ajili ya mtu mmoja, na sasa watu hufanyia harusi katika viwanja vyake.

Hyrax Hill ndiyo inayonisikitisha, kwa kuwa ni ya karibu kupita zote kwa watu wa Free Area, na ndiyo iliyosahauliwa kupita zote. Mwanaakiolojia Louis Leakey aliiona mwaka 1926 alipokuwa akichimbua makaburi ya kale karibu na Nakuru; na mwaka 1937, wakati yeye alipokuwa akiandika habari za mila za Wakikuyu, mkewe Mary alipiga hema hapo akaanza kuchimba. Aligundua kwamba kilima hiki, kilichopewa jina la pimbi waishio katika miamba yake, kilikuwa zamani kimezungukwa na maji ya ziwa kubwa lililoungana na Elementaita. Aligundua makaburi ya wafugaji wa zama za mawe, ambamo wanawake walizikwa pamoja na vyombo vya mawe, na mashimo ya mviringo ambayo wataalamu waliomfuata walithibitisha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe ya watu waitwao Wasirikwa. Na juu ya mwamba mtupu vimechongwa vishimo vya bao, safu kwa safu, mfano wa bao linalochezwa barazani Lamu na Mombasa. Kilima kilitangazwa kuwa cha hifadhi katika miaka ya 1940, na mwaka 1965 nyumba ya shamba iliyokuwapo ikageuzwa makumbusho. Kuingia hapo si ghali, gari halihitajiwi, na hakuna mnyama wa kumwogopa.

Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji tarehe 1 Disemba 2021, ikawa la nne nchini, na tangu hapo nyumba zimezidi kukisogelea kilima kutoka kila upande. Naiomba serikali ya kaunti iweke mpaka usiovukwa kukizunguka, na itengeneze njia ya miguu iliyo salama kutoka mitaa ya jirani. Nawaomba walimu wa Free Area, Kiti na Lanet wawapeleke wanafunzi wao huko kila muhula, kabla ya kuchangisha fedha za safari za mbali. Nawe msomaji, kama unakaa Nakuru na hujapata kukikanyaga kilima hicho, nenda Jumamosi ijayo pamoja na watoto wako, uwaonyeshe bao lile lililochongwa mwambani.