Mita Moja ya Mwisho: Waya, Mwanga na Kumbukumbu za Kilimanjaro

Tukisimulia historia ya teknolojia Afrika Mashariki, huwa tunarukia moja kwa moja M-Pesa ya 2007, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa kimya. Wapi! Palikuwa na vifaa vya mkononi vilivyojaa tarakimu na maneno, ila kuvitoa humo ndiyo ilikuwa shughuli. Historia ninayotaka tuitazame ni ya ile mita moja ya mwisho, kati ya kifaa na kompyuta.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni waya wa siriali, unaopitisha biti moja nyuma ya nyingine kama mbuzi kwenye mlango mwembamba wa zizi. Kanuni yake maarufu, RS-232, ilitoka Marekani miaka ya 1960, na kipimo cha kasi yake, baudi, kina jina la Émile Baudot, Mfaransa wa enzi za telegrafu. Njia ya pili ni infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ndugu wa ule wa rimoti ya televisheni. Mwaka 1993 makampuni yaliunda chama cha IrDA na kukubaliana: umbali wa mita moja, vifaa vitazamane. Kumbe ndani ya mwanga huo mlikuwa na siriali ileile. Katika kasi za mwanzo, sufuri ilikuwa mmweko mfupi, moja ilikuwa giza.

Mliokuwa na Nokia 6610 mnaijua hiyo. Simu mbili zinalazwa mezani kichwa kwa kichwa, na asiguse mtu meza mpaka mlio uhamie upande wa pili. Mwenye 3310 alibaki kutazama tu, maana yake haikuwa na infraredi. Lakini chini ya betri ilikuwa na vidoti vya shaba, na hapo ndipo fundi simu, Moshi au Kariakoo, alipogusisha waya wake ili kuiflashi.

Kulikuwa na kazi nzito zaidi ya milio. Mwaka 2003 Uganda ilianza mtandao wa taarifa za afya katika wilaya za Mbale na Rakai. Mhudumu alielekeza kompyuta yake ya kiganjani kwenye kisanduku kilichofungwa kituoni. Takwimu zikapita kwa infraredi, kisha kisanduku kikazituma Kampala kwa mtandao wa simu. Kwetu, Julai na Agosti 2004, utafiti mkubwa kusini mwa Tanzania ulifika kaya 21,600 ukitumia vifaa vya aina hiyo badala ya karatasi.

Sasa njoo mlimani. Februari 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walisimika kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo. Mwaka 2004 wenzao wa Portsmouth wakapanga vipimo vidogo vya joto na unyevu kwenye mteremko wa kusini-magharibi, kutoka karibu mita 1,900 hadi karibu 5,800. Kipimo kidogo cha namna hiyo hukaa peke yake na kukusanya. Lazima mtu apande, akisome. Tujikumbushe pia kwamba kati ya 1912 na 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu. Usomaji wa joto uliopotea mwaka ule haurudiwi. Mwaka wenyewe umeshapita.

Kwa hiyo kifaa kikigoma, fundi mzuri hakimbilii kukiwasha upya, kwa sababu vipimo vingi vikianzishwa upya hufuta vilichobeba. Anaanza na rahisi. Je, kuna programu nyingine imeishikilia poti? Je, kasi za pande mbili zinalingana? Zikipishana, kioo kitajaa herufi za ajabu, na hiyo ni habari njema: waya unapitisha kitu. Pakiwa kimya kabisa, anaunganisha waya wa kutuma na wa kupokea upande wake, kisha anaandika neno. Likimrudia, waya na poti vyake ni vizima, ubovu uko ng'ambo. Kwa infraredi, anakinga jua kwa kiganja, kisha anatazama taa kupitia kamera ya simu, maana kamera nyingi huona mmweko ambao jicho halioni.

Leo laptop hazina poti hizo, inabidi kutafuta adapta. Na Palm za mwanzo zilihifadhi kila kitu kwenye kumbukumbu inayotegemea betri: betri ikifa kabisa, kilichomo kimekwenda. Tunalilia nyaraka za karatasi zilizoliwa na mchwa, na ni haki. Ila kwenye madroo ya ofisi, hospitali na vituo vya utafiti, kuna vifaa vilivyojaa mambo ya watu wetu ya miaka ya 2000. Vingine vimeshakufa. Vilivyobaki vinahitaji mtu mwenye waya unaofaa na subira, na avifikie mapema.