Daftari la Uwandani kama Kipimo: Tathmini ya Ujifunzaji katika Shahada ya Kwanza ya Anthropolojia

Mtaala wa shahada ya kwanza ya anthropolojia hauidhinishwi siku hizi bila orodha ya matokeo ya ujifunzaji: mhitimu ataeleza nadharia kuu, atachambua utamaduni, atazingatia maadili ya utafiti. Vitenzi hivyo vinatokana na ngazi za malengo ya elimu zilizotolewa na Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956, na havina ubaya. Tatizo linaanza tunapofika kwenye kupima. Kwa uwiano tuliouzoea, kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Na katika chumba cha mtihani mwanafunzi huulizwa uamilifu ni nini, au Malinowski alifanyia wapi utafiti wake. Anayejibu vizuri amethibitisha kwamba amesoma. Kama anaweza kukaa na watu, akawatazama na kuwaelewa, hatujui bado, na hiyo ndiyo fani yenyewe.

Ushahidi tunaoutafuta umo katika daftari la uwandani, ambalo idara nyingi hulichukulia kama malighafi ya ripoti. Ripoti husahihishwa, daftari hutupwa.

Tuchukue mwanafunzi aliyetumwa kukaa asubuhi moja na mama lishe katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Akiwa mwaka wa kwanza, huenda akaandika kwamba mama huyu ni mkarimu, anakopesha wateja kwa sababu Waafrika wana desturi ya kusaidiana. Mwaka wa tatu arudishwe palepale. Sasa tutarajie kusoma nani alikopeshwa na nani aliambiwa leo hapana; kwamba wapaa samaki waliandikwa kwenye daftari la madeni, ilhali dereva mgeni alilipa kabla ya kupakuliwa chakula; kwamba mama alishusha sauti kalamu ilipotolewa. Tutarajie pia swali ambalo hakutaka kulijibu, na dhana ya mwanafunzi kuhusu sababu yake, ikiwa imetengwa waziwazi na kile alichokiona kwa macho. Madaftari hayo mawili yakisomwa pamoja, hata mtahini wa nje ataona kilichojifunzwa katikati. Mtihani wa saa tatu hauoni hilo, utungwe kwa ustadi gani.

Wapo wanaanthropolojia wasiotaka kusikia habari za tathmini, na wana sababu. Marilyn Strathern, aliyefanya utafiti Papua New Guinea, alionyesha katika miaka ya 1990 jinsi ukaguzi wa vyuo vikuu vya Uingereza unavyoweza kuzifanya idara zikimbilie kipimo na kuiacha kazi iliyokusudiwa kupimwa. Hoja yake naikubali kabisa. Lakini idara inayokataa kujipima haiachwi hivi hivi. Itapimwa kwa hojaji na asilimia za ufaulu, na watu wasiojua uwandani ni nini.

Pingamizi zito zaidi ni hili: matokeo yaliyoandikwa mapema hayana nafasi ya mwanafunzi anayebishana na fani. Mshairi wa Uganda Okot p'Bitek alipokwenda Oxford kusoma anthropolojia ya jamii mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipinga lugha ya wahadhiri waliowaita Waafrika washenzi, asisikilizwe. Kwa vigezo vya wakati ule, kukataa kwake hakukuwa na alama. Kwetu lazima kuwe nazo. Aliyemsoma Marcel Mauss kuhusu zawadi, kisha akakuta kwa mama lishe deni ambalo nadharia ile hailielezi vizuri, atuzwe kwa kulisema na kulitetea kwa alichokiona.

Kuhusu wingi wa wanafunzi, nakiri kwamba hakuna mhadhiri wa kusoma madaftari mia mbili kwa makini. Ila kutathmini programu si sawa na kumpa alama kila mmoja. Madaftari machache yachaguliwe kwa bahati nasibu na yasomwe na wahadhiri wawili, mmoja wao awe hakufundisha kozi hiyo. Wakitofautiana, wajadiliane mpaka ijulikane kila mmoja alikuwa akitafuta nini. Kikao cha namna hiyo kitaifaa idara kuliko jedwali la ufaulu.

Linabaki suala la siri. Mama lishe alikubali kuzungumza na mwanafunzi; hakukubali madeni ya wateja wake yasomwe na kamati. Majina na alama za utambulisho zifichwe kabla daftari halijakabidhiwa, na namna mwanafunzi alivyozificha bila kuharibu maana ya alichokiandika iingie kwenye alama zake.